Paka Mzee Akisusa Chakula, Usiseme Ni Uzee

Leo hatuna mshono mpya wa kuwaonyesha wala pishi la kuwafundisha. Tuna jambo la paka, na wewe unayeona paka si mtu wa kuandikiwa tuvumilie kidogo, maana na sisi tulianza hivyo hivyo.

Sisi ni wanawake watatu wenye chumba kimoja cha ushonaji hapa Rubya, wilayani Muleba. Tuna cherehani nne, moja ikiwa ya overloki, meza ya kukatia, pasi ya mkaa ya akiba kwa siku ambazo umeme umekatika, na paka mmoja anayeitwa Bobini. Bobini aliletwa mwaka 2012 akiwa anatosha kwenye kiganja, baada ya panya kututafunia sare za shule usiku wa kuamkia siku ya kuzikabidhi. Sketi 11 za bluu zilitobolewa kiunoni, na kitambaa kile tulikilipa kwa miezi mitatu. Tangu aje hatujatupa hata doti moja ya kitenge kwa sababu ya panya. Siku ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 alitoka mbio akapotea siku mbili, akarudi na vumbi mpaka kwenye masharubu, akapanda moja kwa moja juu ya vitambaa vya mteja akalala. Kwa hiyo tukisema ni mwenzetu kazini hatutanii.

Ilikuwa Novemba, msimu wa senene, Bobini akiwa na miaka 13. Wataalamu wa wanyama humhesabu paka kuwa mzee kuanzia miaka 11 hivi, na hiyo 13 yake wanailinganisha na miaka kama 68 ya binadamu. Jumatatu asubuhi aliacha dagaa wake. Hatukushtuka, kwani Novemba hapa kwetu paka, kuku na watoto wote wanashinda wakikimbizana na senene, tukasema huyu kashiba huko nje. Jumanne akaja mpaka kwenye kisahani, akanusa, akafungua kinywa kama anayetaka kula, halafu akageuza kichwa akaondoka. Jumatano hakuja kabisa. Alikuwa chini ya meza ya kukatia amejikunyata, manyoya yamesimama, hajilambi.

Mteja wetu mmoja, mama mtu mzima tunayemheshimu sana, alimwona akasema, "Waitu, mwacheni. Huyo amezeeka. Paka akitaka kufa huacha kula, anatafuta pa kujificha." Na sisi sote tukaitikia. Tukaendelea kushona.

Mmoja wetu ndiye aliyesimamisha cherehani. Akasema, "Haya maneno tuliyasema kwa bibi."

Ni kweli tuliyasema. Bibi yetu, mzaa mama wa mmoja wetu ambaye tulimuuguza sote, aliwahi kuacha kula ndizi. Ukimpikia anachovya mchuzi, anashukuru, anasukuma sahani. Kila aliyepita pale alisema ni uzee, mtu akifika umri ule tumbo husinyaa, msimlazimishe. Wiki tano zilipita hivyo, na gauni tulilomshonea likawa linamning'inia kama limetundikwa kwenye henga. Alipofikishwa kwa daktari kwa sababu nyingine kabisa, daktari akamwambia afungue kinywa, jambo ambalo katika wiki zote tano hakuna kati yetu aliyelifanya. Kulikuwa na jino limeoza na jipu chini yake. Likang'olewa, akanywa dawa, na Jumapili yake akaomba senene. Aliishi miaka minne mingine. Hatujawahi kuzungumza vizuri kuhusu zile wiki tano, na labda ndiyo maana tuliposikia neno lile lile juu ya paka tuliona aibu.

Basi msimamo wetu ni huu, na tunajua wapo watakaotucheka: uzee hauzuii mtu wala mnyama kula. Kinachomzuia ni ugonjwa, au maumivu, au pua iliyoziba, au hofu, na hivyo vyote huwapata wazee mara nyingi kuliko vijana. Neno "uzee" linatumika kama kifuniko cha sufuria. Ukishalifunika hakuna anayechungulia ndani.

Kwa paka kuchelewa kuna hatari yake ya pekee, na hilo hatukulijua mpaka siku ile. Binadamu anaweza kufunga siku kadhaa akanywa maji akaamka salama. Paka hakuumbwa hivyo. Asipokula siku mbili au tatu, mwili wake unaanza kuvuta mafuta yake wenyewe na kuyapeleka kwenye ini, na ini la paka halina uwezo mkubwa wa kuyashughulikia mafuta hayo. Linajaa, linavimba, linashindwa kazi. Unaona fizi na weupe wa macho vinageuka manjano, na hapo ameshakuwa mgonjwa wa ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza. Paka mnene ndiye anayedhurika upesi zaidi. Kwa hiyo yule anayesema tumpe wiki tuone, anampa wiki ya kufa. Hesabu yetu sasa ni rahisi: saa 24 bila kula, tunapiga simu. Saa 48, tunabeba kikapu.

Sasa tuseme tulivyofanya, pamoja na makosa.

Kabla hujamfungua paka kinywa, jiulize kwanza juu ya kichaa cha mbwa. Jina linatudanganya, ugonjwa ule unampata paka pia. Paka anayetokwa na mate mengi, asiyeweza kumeza, sauti imebadilika, au aliyekuwa mpole ghafla akawa mkali, au aliyekuwa mwoga ghafla akawa anakufuata kila mahali, huyo usimtie kidole mdomoni kwa mapenzi yoyote yale. Mfungie chumbani uite mtaalamu. Na akishakung'ata au kukuparua, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo kuuliza chanjo, usingoje uone kama kidonda kitapona. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na kampeni za chanjo zikija huwa mbwa anapelekwa kwa kamba na paka anaachwa jikoni. Bobini alikuwa amechanjwa, tena na kadi anayo, ndiyo maana tulithubutu.

Cha pili ni uzi. Dada zetu mafundi, hapa tunawaomba msome taratibu. Chumba cha ushonaji ni hatari kwa paka kuliko jikoni. Ulimi wa paka una miiba midogo iliyoelekea nyuma, kwa hiyo uzi ukishashika ulimini hawezi kuutema, anaumeza tu, na wakati mwingine sindano inakwenda nayo. Uzi unaweza kujizungusha chini ya ulimi huku ncha nyingine iko ndani ya utumbo, na utumbo unajikunja kama kitambaa kilichovutwa uzi wa marinda. Paka wa namna hiyo huacha kula na kutapika. Ukifungua kinywa ukaona uzi, usivute, hata kama unaonekana mfupi. Unaweza kuukata utumbo kwa ndani. Wala uzi ukionekana kwa nyuma usivute. Mpeleke ulivyo. Sisi tulimfunga Bobini kwa khanga kama mtoto mchanga, kichwa tu nje, mmoja akamshika, mwingine akamulika kwa tochi ya simu, wa tatu akainua ulimi. Hapakuwa na uzi. Tulipumua.

Lakini upande wa kushoto, juu, nyuma kabisa, jino lilikuwa la kahawia na ufizi wake mwekundu umevimba, na harufu iliyotoka pale hatutaieleza. Jino tena! Yule aliyeshika tochi alicheka huku analia.

Tungekuwa na akili tungeishia hapo na kupiga simu. Ila tulikuwa na Panadol mezani, na mmoja wetu alikwisha kuikata nusu ili amtulize maumivu kidogo. Ni Mungu tu aliyeleta wazo la kumuuliza kwanza muuza dawa za mifugo kwa simu. Yule kaka alipiga kelele mpaka tukaisogeza simu mbali na sikio. Paka hana ndani ya ini lake kile kinachovunja dawa ile, na kidonge kimoja cha kawaida cha miligramu 500 kinatosha kumuua. Damu inashindwa kubeba hewa, fizi zinageuka rangi ya udongo, uso unavimba. Ibuprofeni na diklofenaki nazo si zake. Dawa ya kupe ya ng'ombe au ya mbwa usimpake. Tunajiuliza ni paka wangapi wameuawa na watu waliowapenda, wakazikwa huku inasemwa ni uzee.

Afisa mifugo alikuja jioni na pikipiki. Kabla ya huyo tulikuwa tumeshajibiwa kwingine, kwa kicheko, kwamba kazi yao ni ng'ombe na mbuzi, paka atatafuta mwenzake. Hatutasema ni wapi, lakini neno lilituuma, maana sheria haikuandikwa kwa ajili ya ng'ombe peke yake. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, nayo inamtaka mwenye mnyama amtunze asiteseke pasipo sababu. Sasa mwenye paka atatimizaje wajibu huo kama akibisha hodi anachekwa? Madaktari wanaosomeshwa pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wanafundishwa paka na mbwa pia. Tunajua wako wachache, na kata zetu za milimani ni kubwa, na ng'ombe wa mtu ni ada ya shule ya mtoto. Hatuombi paka atangulizwe mbele ya ng'ombe. Tunaomba anayejibu simu asicheke, na kama hawezi aseme nani anaweza.

Aliyekuja hakucheka. Aliminya ngozi ya shingoni akaiachia, ikarudi polepole, akatuonyesha: hii ni dalili mwili umepungukiwa maji. Aligusa fizi, zilikuwa zinanata badala ya kuteleza. Akapapasa tumbo kuona kama amefunga choo. Akatuuliza maswali ambayo tuliona haya kushindwa kuyajibu. Amepungua kilo ngapi? Hatukujua, na chumba kizima kina futi kamba kila kona. Anakunywa maji mengi kuliko zamani? Hapo tulitazamana, kwa sababu ndiyo, tangu kiangazi alikuwa anakunywa mpaka kwenye ndoo ya kupigia pasi, na tulisema ni joto. Akasema kunywa sana na kukojoa sana kwa paka mzee kunatia shaka juu ya figo, na figo zikidhoofu uchafu hubaki kwenye damu, ukamletea kichefuchefu. Kwa hiyo huenda sababu zilikuwa mbili, jino na figo, na kila moja ingetosha kumnyima hamu. Yuko paka mwingine ambaye anakula kupita kiasi na bado anakonda, huyo naye usimsifu, huenda ni ugonjwa wa tezi ya shingoni.

Alimpa maji ya dripu chini ya ngozi ya mgongo, pakavimba kama nundu kisha pakanywea taratibu, akatupa namba ya daktari Bukoba. Alhamisi alfajiri Bobini alisafiri kwa kosta ndani ya kikapu cha sokoni, kimefunikwa khanga, na abiria mmoja alidhani ni kuku. Daktari alipima mkojo, akathibitisha figo zimeanza kuchoka, akapunguza dawa ya usingizi kwa sababu hiyo, akang'oa jino. Tuliporudi nyumbani usiku alikuwa anayumba kama mlevi wa lubisi.

Watu wanadhani hadithi iliishia hapo. Jino limetoka, paka akala. Hapana. Ndipo kazi ilipoanza, na hapa tunataka kukaa kidogo kwa sababu ndipo wengi wanapokata tamaa.

Paka anakula kwa pua. Asiposikia harufu, chakula kwake ni kama picha ya chakula. Paka mzee pua yake imepungua nguvu, na kama ana mafua na makamasi yamekauka puani hali ni mbaya zaidi. Mpanguse pua kwa kitambaa laini na maji ya vuguvugu kabla ya chakula. Kisha pasha chakula moto, si moto wa kuunguza, bali joto la mwili wake mwenyewe, ambao ni kama nyuzi 38. Sisi tunaweka kibakuli ndani ya maji ya moto dakika chache, tunajaribu kwa kifundo cha mkono kama mama anavyojaribu maziwa ya mtoto. Dagaa wale wale alioususa wakiwa baridi, walipopata joto na harufu ikatanda chumba kizima (wateja walilalamika, tunakubali), aliinua kichwa.

Dagaa wenyewe wa ziwani tunawaosha kwanza kutoa chumvi na mchanga, tunawachemsha bila chochote, tunawasaga. Mchuzi wa kuku uliochemshwa bila kitunguu unafaa. Minofu ya sangara au sato iliyochemshwa na kutolewa miiba inafaa. Kitunguu maji na kitunguu saumu ni sumu kwa paka, vinaharibu damu yake, kwa hiyo ule mchuzi wetu mtamu wa jioni usimmiminie. Mifupa ya kupikwa usimpe. Maziwa, ambayo kila jirani aliyatuletea kwa huruma, paka wengi wakubwa hawayawezi, yanawaharisha na kuwakausha zaidi. Na uji wa sukari ni kazi bure. Mwaka 2005 watafiti wa kituo cha Monell kule Philadelphia, Marekani, walionyesha kwamba paka hana kabisa kile kinachomwezesha kuonja utamu. Unamwekea sukari, yeye anaonja maji.

Kiasi kiwe kidogo. Kijiko kimoja mara tano kwa siku kinampendeza kuliko sahani iliyojaa asubuhi. Asipokula ndani ya nusu saa, ondoa, ulete kingine baadaye. Chakula kinachobaki mbele yake kinanuka na kumchefua, mwisho anachukia hata harufu ya kile alichokipenda. Kwa sababu hiyo hiyo usimfichie dawa ndani ya chakula anachokipenda. Atagundua, na utakuwa umepoteza vyote viwili. Tumia kisahani kipana kisichogusa masharubu, ukiinue kidogo, sisi tunatumia kopo la uzi lililopinduliwa, kwa kuwa paka mzee shingo na magoti vinauma kuinama. Maji yawe mbali na chakula, na yawe sehemu mbili tatu. Choo chake kisiwe karibu na sahani. Wewe ungekula chooni?

Halafu utulivu. Chumba chetu kina kelele za cherehani nne na redio. Tulikuwa tunamwekea chakula chini ya mashine ya overloki, jamani, miaka yote, na ujana ulimwezesha kuvumilia. Sasa ana kona yake nyuma ya pazia la kupimia nguo. Wakati mwingine alikula tulipokaa karibu naye tukimkuna shingo, akaacha tulipoondoka. Tukapangiana zamu. Mteja anasubiri, fundi yuko nyuma ya pazia anamkuna paka.

Kuhusu kumlisha kwa bomba la sindano tunasema kwa tahadhari. Daktari alituonyesha, lisilo na sindano bila shaka, kuingiza pembeni mwa shavu matone machache, kichwa kikiwa sawa na si kimeinuliwa juu, na kumsubiri ameze. Ukimmiminia kwa nguvu chakula kinaingia kwenye mapafu, na paka anayezama kwa uji hafi kwa uzee. Sisi tulifanya siku mbili tu. Siku ya tatu aligeuza uso kwa namna tuliyoielewa, tukaacha. Zipo dawa za kuleta hamu ya kula ambazo daktari anaweza kuandika, mojawapo inaitwa mitazapini, lakini kipimo cha paka ni kidogo sana na cha figo dhaifu ni kidogo zaidi. Hiyo haiombwi dukani kwa kukisia.

Siku ya nne baada ya jino kutoka, saa nne asubuhi, tulisikia kulamba nyuma ya pazia. Mashine zote tatu zilisimama kwa pamoja bila mtu kuagiza.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa sababu tunajua mnaiwaza. Usafiri, dripu, jino na dawa vilitugharimu shilingi 87,000. Tumeulizwa uso kwa uso: mnatumia pesa hizo kwa paka, na kuna watoto hawana madaftari? Swali ni la haki na hatutalikwepa kwa maneno matamu. Tuliigawa fedha ile kwa watatu, hakuna mtoto aliyekosa daftari, na sketi 11 zile za mwaka 2012 zilitugharimu zaidi. Lakini hata bila sketi jibu letu lingekuwa lile lile. Mnyama uliyemfungia kwako, ukamzoesha sahani yako, amekuwa mikononi mwako. Waislamu wamesimuliwa na Mtume juu ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, alimfungia bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie mwenyewe. Tulipomkumbusha mmoja wa waliotuuliza alisema, "Ila yule alimnyima, ninyi wenu amekataa mwenyewe." Tulifikiri sana juu ya neno hilo. Tunadhani amekosea. Paka mwenye jipu kinywani hakukataa. Alikuja mpaka kwenye sahani siku mbili mfululizo, akafungua mdomo mbele ya macho yetu. Sisi ndio tuliokataa kuangalia.

Na kuna wakati jibu litakuwa hapana. Kama daktari angetuambia figo zimekwisha kabisa, tusingemsumbua na bomba wala kosta. Tungemuuliza namna ya kumwondolea maumivu, tungemwekea joto na maji, na kama angeshauri sindano ya kumpumzisha, tungekaa chini tuombe na kuamua, hatujui tungeamua nini. Tunachopinga ni kuamua kabla ya kufungua kinywa.

Kitu kimoja kilichobadilika ni mizani. Kila tarehe mosi, siku tunayofunga hesabu za duka, mmoja wetu anasimama na Bobini kwenye mizani ya jirani anayenunua kahawa, kisha anasimama bila yeye, tunatoa. Wakati ule alikuwa na kilo 2.9. Paka aliyekuwa na kilo 4 akipungua nusu kilo amepungua kama mtu wa kilo 80 aliyepoteza kumi, na chini ya manyoya huwezi kuona kwa macho. Mwenye mizani alicheka mara ya kwanza. Mara ya pili alikuja na wa kwake.

Tunaandika haya saa sita mchana. Bobini ana kilo 3.4. Hali tena dagaa wazima, jino la upande wa pili nalo linaanza kutia shaka na tumeshapanga siku ya Bukoba. Panya hakamati tena, tumemletea msaidizi wa miezi mitatu ambaye bado anaogopa sauti ya overloki. Kibakuli kiko ndani ya maji ya moto, zamu ni ya mwenzetu mdogo, na mama yule aliyesema "waitu, mwacheni" yuko mlangoni na gauni la kupunguza kiuno. Anauliza, mzee amekula?